Nilijisikiliza nikiomba, nikahesabu neno "Baba" mara 61

Kibarazani (mleta mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na wasio wa upande huu, habari za mchana.

Uzi ni mrefu, anayesoma akiwa kwenye daladala asije akapitiliza kituo.

Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye mtu wa maombi. Si cheo, wala hakuna aliyenipigia kura. Ni vile tu ukifika wakati wa kufunga ibada macho yote yananigeukia. Harusi mimi, kipaimara mimi, kuombea bajaji mpya ya jirani mimi. Sauti ninayo, aya nazijua kwa namba, na pumzi inatosha. Kuna mama mmoja, zamu ya kusalia kwake ikifika, ana utani wake: akiona nimesimama tu, anaenda kubandika chai. Anasema mpaka niseme Amina maji yamechemka, majani yametiwa na tangawizi imekolea. Nilikuwa naichukua kama sifa.

Sasa tuna kundi la WhatsApp la maombi ya alfajiri. Saa kumi na moja kamili, kila mtu na siku yake, unarekodi ombi unalituma, wenzako wanaitikia kwa ile mikono miwili iliyofumbatana. Jumatano ni yangu. Jumatano ya wiki juzi nilirekodi gizani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikatuma, nikaoga, nikaenda zangu kazini. Foleni ya Mwenge mnaijua. Nikachomeka spika za masikioni nisikilize habari, kidole kikagusa voisi yangu mwenyewe.

Mmewahi kujisikiliza?

Kwanza ile sauti si yangu. Mke wangu hajawahi kuambiwa "lete chumvi" kwa sauti ile. Nzito, ina mkwaruzo mwishoni, inapanda na kushuka kama ya mtu anayenadi mitumba. Halafu lile neno. "Baba tunakuja mbele zako Baba, kwa maana Baba wewe ni Baba, asubuhi hii ya leo Baba…" Nikaanza kuhesabu, kwa uchokozi tu, foleni haisogei. Dakika sita na sekunde kidogo: mara 61. Nikajaribu kuwaza nampigia simu marehemu baba yangu enzi za uhai wake: "Baba shikamoo Baba, nimepiga Baba, kwa sababu Baba nilikuwa nataka Baba…" Mzee angesema, hebu mpe simu mtu aliye karibu na wewe.

Lakini si hayo yaliyonitoa jasho. Nilirudia kusikiliza, safari hii nikitafuta nimeomba nini. Nimeombea taifa. Viongozi. Mashariki ya Kati. Wajane na yatima, wagonjwa mahospitalini, wasafiri wa nchi kavu, majini na angani. Nimefunga malango ya kuzimu na kufungua madirisha ya mbinguni. Na usiku ule, wakuu, sikuwa nimelala hata kidogo. Nilikuwa nimekesha nikimuwaza mdogo wangu wa kiume. Tuna mwezi wa nane hatusemeshani, kisa shamba la marehemu mzee kule Kilosa. Ekari nne. Hati hakuna, kila mtu ana karatasi yake aliyogongewa muhuri kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimemzuia kwenye simu, na msiba wa shangazi tulikaa matanga mawili tofauti uwanja mmoja.

Katika dakika sita zote hizo sikumtaja. Hata kwa kuzunguka.

Jioni nikasema niombe peke yangu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na watoto watatu, kwa hiyo chumba changu cha ndani ni banda la kuku. Nikasimama mle. Nikaanza na "Ee Mungu uketiye juu ya makerubi", nikaona aibu, nikakatisha. Nikakosa neno. Mimi, wa kuchemshiwa chai! Mwisho yakatoka matatu tu: "Mungu, sitaki kumsamehe." Nikanyamaza. Kuku mmoja akahama kichanja.

Maswali yangu ni mawili. Lile ni ombi, au ni uasi? Na je, nikae kando nisiongoze maombi mbele za watu mpaka nijifunze upya?

Naomba kuwasilisha. Matusi pelekeni kwenye nyuzi za siasa.

---

dunia_rangile

Kuku alihama kwa sababu ulimkanyaga. Nimekaa pale nasubiri wenye hekima.

---

Mama Wawili

Kaka yangu, lile ni ombi. Nakwambia mimi niliyewahi kutolewa kiaina kwenye kikundi kwa ombi la namna hiyo hiyo.

Mume wangu alipunguzwa kazini. Mwaka wa kwanza tulikula akiba, wa pili tukaanza kuuza vitu, friji, kabati, mpaka cherehani. Nilikuwa nasali na akina mama kila Ijumaa, na pale utaratibu ni "kukiri ushindi". Ukifika zamu unasema mimi ni kichwa si mkia, mimi nakopesha sikopi. Siku moja nimetoka kukopa unga dukani, naambiwa nikiri kwamba sikopi. Nikasema, "Mungu nimechoka. Na nimeanza kukukasirikia." Basi.

Pakawa kimya kama kuna mtu kavunja sahani. Halafu kiongozi akaja kunishika kichwa, wakaanza kuvunja roho ya manung'uniko. Nikaombewa kama robo saa hivi na sikuulizwa hata swali moja. Baadaye nikavutwa pembeni nikaambiwa kwa upole sana kwamba nawapunguzia wenzangu imani.

Sikurudi. Nikawa nasoma Zaburi ya 88 nikiosha vyombo, maana hiyo haina ule mwisho wa "lakini mimi nitakusifu". Nendeni mkaisome, neno lake la mwisho kabisa ni "gizani". Mtu aliyeiandika hakuvutwa pembeni. Waliitia kwenye Biblia.

---

Fundi Redio

Mleta mada umeandika vizuri, na mama Wawili pole sana. Lakini naomba niweke breki kidogo, naona uzi unaelekea kule ambako kila anayeomba kwa urefu ataitwa mnafiki.

Yesu alikesha usiku kucha akiomba, Luka 6:12. Gethsemane alirudia "maneno yale yale" mara tatu, Mathayo 26:44. Kwa hiyo si urefu na si kurudia. Alichokataza ni kupayuka-payuka, na hapo wengi tunadhani amekataza kelele. Kupayuka kwa Kiswahili chetu ni kuropoka, mdomo kutangulia kichwa. Unaweza kupayuka kwa kunong'ona. Na sababu ameitaja palepale: "maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Kosa liko kwenye kudhani. Manabii wa Baali 450 pale Karmeli waliita toka asubuhi mpaka adhuhuri, wakarukaruka, wakajikatakata, kwa sababu mungu wao lazima aamshwe. Eliya kasema maombi ya aya mbili tu, moto ukashuka. Hakuwa na haja ya kumwamsha mtu.

Halafu kuna Nehemia, huyu watu wanampenda kwa lile ombi lake la kufumba na kufumbua. Mfalme anamuuliza una haja gani, Nehemia 2:4, naye anaomba palepale kabla hajafungua mdomo kujibu. Hatujui hata alisema nini. Safi sana. Ila rudi sura ya kwanza uone: habari za Yerusalemu alizipata mwezi wa Kisleu, na kwa mfalme anasimama mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba. Lile ombi la sekunde moja lilikuwa na miezi minne chini yake. Ufupi nao una maringo yake, tusidanganyane. Kuna watu siku hizi wanaomba kwa kifupi ili waonekane si kama wale wanaopiga kelele, na hilo ni lile lile la Farisayo, yule aliyejisifu mbele za Mungu kwamba si kama watu wengine, kabadilisha kanzu tu.

Kuhusu "Baba" 61, ile ni pumzi. Wengine wanasema "yaani", wengine "sasa basi". Ni kiraka. Shida yako kiraka kimekuwa kikubwa kuliko nguo.

---

Kibarazani

Fundi, hapo kwenye kanzu umenigusa. Naungama kwamba wakati naandika uzi nilishaanza kujiona bora kuliko wale wa kundi ambao bado wananguruma.

---

Bi Shamba

Mmesahau aina moja, ombi la kumsema mtu. Kwaya yetu kulikuwa na dada akiombeshwa tu mnajua leo kuna mtu anachanwa. "Bwana, mguse yule ambaye mpaka sasa hajatoa hela ya sare, Bwana unamjua, anakaa safu ya tatu upande wa dirishani, na juzi kasuka." Sote macho tumefumba, sote tunajua ni nani, na aliyekaa dirishani anaitikia Amina kwa uchungu.

Huyo Mungu hapo anapitishiwa ujumbe kama tarishi.

---

mpita_njia_2

Mnaongea na dari, wapendwa. Mleta mada alipata ukweli kule bandani: aliongea na kuku.

---

Kibarazani

Mkuu karibu. Kama ni dari, basi miaka yote nimekuwa nikiidanganya dari, na bado inanisumbua. Hebu nieleze hilo.

---

Mhehe wa Mjini

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninyi wenzetu mnaotunga maneno mapya kila alfajiri huwa mnatuonea huruma sisi wa sala za kitabu. Leo nawaonea huruma ninyi.

Bibi yangu Iringa alimzika mwanawe wa mwisho, na alimlea yeye mwenyewe alivyougua mpaka siku ya mwisho. Kwa wiki kadhaa alikuwa haongei. Uji anakunywa, lakini haongei na mtu. Kitu pekee kilichotoka kinywani mwake ni rozari. Jioni anakaa mlangoni, mgongo kwenye fremu, punje zinapita kati ya kidole gumba na cha shahada, na ile ya shahada kucha yake imekatika pembeni kwa jembe, kwa hiyo kila punje inatoa kamlio kadogo ikipita. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nahesabu vile vimlio. Salamu Maria 53 kwa rozari moja. Kama angetakiwa kutunga ombi lake mwenyewe asingekuwa na hata herufi. Maneno ya watu wengine ndiyo yaliyombeba mpaka ya kwake yakarudi.

Kwa hiyo unyofu si lazima maneno yawe mapya. Baba Yetu nayo tulipewa, hatukuitunga. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeomba: "Bwana, tufundishe sisi kusali." Ninyi Biblia yenu inasema "utupe leo riziki yetu", sisi kanisani tunasema "mkate wetu wa kila siku", lakini ukiangalia ni ombi la mtu mwenye njaa ya leo. Halina hata shukrani za utangulizi.

---

Bi Shamba

Mhehe, la bibi limenitoa machozi. Lakini ongea na wenzako wanaosali rozari kwenye misiba. Kule kwetu "Mtakatifu Maria" inaanza kabla "Salamu Maria" haijafika kwenye "tumbo lako". Ni mbio za kupokezana.

---

Mhehe wa Mjini

Hapo sina utetezi, hahaha. Mbio zile nami nimezikimbia.

---

Nairobi Kando

Wakubwa wa Bongo hamjambo. Mimi niko huku Kenya, na kwetu kesha ya Ijumaa ni spika mbili kubwa barabarani, kwa hivyo ningekuwa wa kwanza kuunga mkono maombi ya polepole. Lakini nataka kutetea kelele.

Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alipiga kelele. Walimkemea anyamaze, akazidi kupaza sauti. Yesu hakumwambia apunguze. Alimwita, akamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Hebu angalieni swali hilo anaulizwa nani. Kipofu, tena kwa mbele za watu! Si ingekuwa rahisi kujua anataka nini? Hapana, alitaka aseme mwenyewe. "Mwalimu wangu, nataka nipate kuona." Angesema anaombea barabara za Yeriko, pengine angepata barabara.

Na yule mwanamke Hana, aliyeomba mtoto kule Shilo, naye midomo inatikisika na sauti haisikiki, kuhani akadhani amelewa. Mmoja kelele, mmoja kimya, na wote wawili walidhaniwa vibaya na watu wa dini waliokuwa karibu. Hiyo ndiyo huwa nawaambia vijana wetu wanaotaka kujua sauti gani ni ya kiroho.

Mleta mada, wewe ukiulizwa "wataka nikufanyie nini?" ungejibu aje? Umetuambia usichotaka.

---

Kibarazani

Nairobi Kando, swali lako nimelala nalo. Jibu la haraka ni kwamba nataka lile shamba. Nimeliandika hapa, silifuti. Jibu la pili lilikuja usiku, nalo ni kwamba nataka mdogo wangu aniite "kaka" kama zamani, akiwa amekosa hela ya nauli na anajua nitampa. Sijui kama hayo mawili yanakaa ombi moja.

---

Kando ya Kagera

Yanakaa. Bibi yangu angekwambia useme yote mawili, kwa mpangilio huo huo.

Alikuwa wa Uamsho. Vijana wa siku hizi wakisikia uamsho wanawaza jukwaa na taa. Ule ulianza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, ukashuka Uganda, ukaingia kwetu Bukoba mpaka kwa Walutheri. Waliookoka walijiita ndugu, na walikuwa na msemo wa "kutembea nuruni". Nuruni maana yake ulichokifanya gizani kinatajwa kwa jina lake.

Nilimkuta tayari mzee, lakini mikutano yao ya nyumbani nimekaa nikiwa mtoto, nalala kwenye mkeka. Mtu anasimama. Anasema: nilimpimia jirani maharage kwa kopo lililobonyea, nimekwenda nimemwongezea, Yesu amenisamehe. Anakaa. Wanaimba ule wimbo wao wa Kiganda ubeti mmoja. Anasimama mwingine. Hakuna "Bwana nisamehe mapungufu yangu ya namna mbalimbali". Bibi alikuwa anasema mapungufu ya namna mbalimbali ni gunia lililofungwa, huwezi kulipima. Fungua, toa kopo.

Hawakuwa malaika. Wengine walikuja kuwa wakali kupita kiasi, wakawa wanakukagua mavazi mlangoni, na kuna ambao kuungama kwao kulikuja kuwa maonyesho, nani ana dhambi tamu kuliko mwenzake. Bibi mwenyewe aliwakimbia hao. Lakini lile kopo silisahau.

---

Kinyozi wa Uswazi

Mimi ni kinyozi kweli, jina si la utani. Mchungaji wetu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, huja kunyoa kwangu, siku moja nikamuuliza mbona nikiomba mawazo yanakimbia, naanza "Baba yetu uliye mbinguni", nafika kwenye riziki tayari niko kwenye kodi ya fremu. Akacheka, akasema swali hilo liliulizwa na kinyozi mwenzako.

Martin Luther alikuwa na kinyozi wake pale Wittenberg, anaitwa Peter, akamuuliza aombe vipi. Luther, daktari wa theolojia, akakaa akamwandikia jibu refu likachapishwa mwaka 1535. Ushauri wenyewe ni wa kawaida kabisa. Chukua Baba Yetu, Amri Kumi, Imani ya Mitume, tafuna kipande kimoja kimoja, kipande kikikushika kaa hapo usikimbilie kingine. Asubuhi liwe jambo la kwanza na usiku la mwisho. Na jihadhari na ile sauti ya "ngoja kwanza nimalize hiki". Halafu akampa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku anaangalia kwingine, atamkata mteja pua au koo.

Mimi wembe ninao mkononi kila siku, kwa hiyo nilielewa kuliko mahubiri yoyote. Nikiwa kwenye ukingo wa sikio la mtoto sisemi na mtu.

Lakini mleta mada, mchungaji aliniongezea kipande ambacho nadhani kinakuhusu. Mwaka uleule wa 1535, Peter alikuwa mezani na familia yake, ukazuka ubishi, akamchoma kisu mkwewe akafa. Luther akamwombea kwa wakubwa, akaponea kufukuzwa mji badala ya kuuawa. Mtu mwenye mwongozo wa maombi ulioandikwa kwa jina lake. Nikamuuliza mchungaji, sasa ule waraka ulisaidia nini? Akasema, "Sijui alichokuwa anamwambia Mungu kuhusu huyo mkwe." Kisha akaniambia nipunguze pembeni.

---

Mama Wawili

Kinyozi, umenifanya niweke simu chini kwanza.

---

Pwani Raha

Mimi Muislamu, napita tu lakini uzi umenishika. Kwetu swala ina maneno yake na nyakati zake, mtu hajitungii. Dua ndiyo unaomba kwa lugha yako na haja zako. Mama yangu akimaliza swala ya alfajiri anakaa juu ya msala anaomba kwa Kizigua, anataja watoto mmoja mmoja kwa majina na madeni yao. Akifika kwangu huwa najifanya nimelala.

---

Fundi Redio

Pwani Raha umemaliza kazi, haha.

Mleta mada, swali lako la pili halijajibiwa. Usiache kuongoza. Ila kumbuka anayeongoza anaomba kwa niaba ya watu ambao lazima waweze kusema Amina, ndiyo hoja ya Paulo kwenye 1 Wakorintho 14. Pale anasema ni heri maneno matano kwa akili zake kuliko elfu kumi kwa lugha. Najua anazungumzia kunena kwa lugha, lakini na sisi tusionena tuna lugha yetu isiyo na tafsiri, ile ya makerubi na madirisha. Mwenye nyumba anayekusikiliza ana mtoto aliyefeli mtihani wa kidato cha nne, yeye anasubiri umtajie hilo, wewe uko Mashariki ya Kati.

La kwanza, ya bandani, mimi nalihesabu ni ombi. Yule baba mwenye mtoto wa kifafa alisema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", mtoto akaponywa. Yako ndiyo hiyohiyo ila umeikatia katikati. Umesema "sitaki". Sehemu ya "nisaidie" hujaifikia, na sikulazimishi uitamke kabla haijawa kweli.

---

mpita_njia_2

Nakiri huu uzi una akili kuliko nilivyotegemea. Bado dari lakini.

---

Kibarazani

Mrejesho.

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwa yule mama wa chai. Neno likasomwa, tukajadili, sadaka ikakusanywa kwenye bakuli la plastiki, macho yakanigeukia. Nikasimama. Nikamsikia mama anasukuma mlango wa jikoni, nikasikia kiberiti.

Nikasema, kwa sauti hii hii ninayoombea chumvi: "Mungu wetu, asante tumefika. Mtoto wa nyumba hii amefeli mtihani na anaona aibu kukaa na sisi, yuko chumbani anatusikia. Msaidie. Wengine hatulali vizuri. Na mdogo wangu, unamjua. Nisaidie. Amina."

Nikakaa. Hakuna aliyeitikia. Mzee mmoja akafumbua jicho moja akaniangalia, akalifumba tena, akadhani nimevuta pumzi. Ikabidi niseme tena, "Amina." Ndipo wakaitika, kama watu walioshtuliwa usingizini. Mama akatokeza kichwa jikoni, mwiko mkononi: "Mbona umeishia hapo? Unaumwa? Maji hayajatoa hata povu!"

Basi tukabaki tumekaa. Wakuu, ile robo saa ya kusubiri chai ilikuwa ndefu. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Mtu akakohoa. Mwingine akakunja kanga. Mwishowe yule mzee wa jicho moja akasema, hakumwangalia mtu, kwamba na yeye ana kijana wake aliyeondoka nyumbani mwaka wa tatu huu, na kila Alhamisi anasubiri mtu aombee vijana walioondoka, na yeye hajawahi kuomba kwa sababu "kuna wenye maneno". Alisema hivyo. Kuna wenye maneno. Na alikuwa ananisema mimi, ila si kwa ubaya.

Tukamwombea. Aliomba yeye mwenyewe, alitaja jina la kijana mara mbili akashindwa kuendelea. Yule mtoto akatoka chumbani akatugawia vikombe.

Kwa mdogo wangu bado sijapiga. Nimeiondoa tu namba yake kwenye zile nilizozuia.

---

dunia_rangile

Na kuku je?

---

Kibarazani

Wamezoea.